Fundi na Bisibisi Yake

Fundi wa pale Jericho husikiliza injini kwa bisibisi. Ncha huiweka kwenye injini, mpini sikioni, kisha hufumba macho, na kwa mkono wa pili, unaotetemeka siku hizi hata akiwa amepumzika, huzungusha skrubu ya kabureta polepole. Leo nilimpelekea pikipiki yangu ya magurudumu manne, ile ya petroli ya kuchanganywa na oili, ambayo watoto wa Komarock huipanda siku za Idi. Nikiachia akseleta tu, inazima.

Alipokuwa akizungusha, ikakohoa mara mbili, ikazima. Hakufumbua macho. Aliendelea na skrubu, akitabasamu.

“Mama Bilan!” akapaza sauti kana kwamba anashindana na kelele. “Si unasikia vile inanguruma poa?”

“Naisikia, fundi.”

Akanigeuzia sikio. “Ati?”