Chumba cha Jua cha Nyumba ya Pili

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo mwaka ule mama alipopatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikakataa kazi, sikuweza kutulia Rongo nikifundisha watoto hesabu huku nikijua amelala katika chumba chake cha nyuma akitazama ukuta. Kila Ijumaa kengele ya mwisho ilinikuta nimeshashika mkoba.

Boma letu lilikuwa kwenye mteremko upande wa Homa Bay, lango likitazama ziwa. Baba, aliyekuwa dereva wa matrekta ya miwa Awendo kabla hajastaafu, alikuwa amejenga nyumba mbili za wake zake zikiwa sawa kabisa: ya mke mkubwa katikati, ya mama yangu pembeni. Veranda zilikuwa na upana mmoja, nguzo za aina moja, hata mabati yalipakuliwa kwenye lori moja, ili asije akasikia neno. Neno alilisikia vilevile.

Mama alitaka kitu kimoja tu. "Nataka kuona ziwa," alisema, kwa ule mdomo wake mpya uliokuwa mzito upande mmoja. Tulikuwa tukimbeba asubuhi hadi veranda, tunamkalisha na blanketi. Upepo wa ziwani ulikuja ukamwingia kifuani, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Siku ambayo upepo haukuwapo walikuja sami, wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa, wakamwingia puani na mdomoni, naye hana mkono wa kuwafukuza. Tukamrudisha ndani. Muuguzi alituambia wazi kwamba kiharusi cha pili hakingemwacha, na kwamba gizani mle alikuwa akikata tamaa haraka kuliko alivyokuwa akiugua.

Wazo nililipata misheni, ambako sista mmoja mzee alikuwa akishinda kwenye veranda iliyozungushiwa vioo, jua likimwangukia miguuni, nje upepo ukipiga kelele zake peke yake. Nilisimama pale kama mwizi nikihesabu fremu. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Migori kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nilimtaka atengeneze fremu za kufunga kwa bolti, zenye vioo na madirisha ya juu yenye wavu, maana jua la saa sita kwetu lingempika mama kama kiazi. Alikuja, akapima veranda ya mama, akaenda. Nilimsumbua sana mtu yule. Nadhani alimaliza haraka ili asinione tena.

Fremu zilifika Jumamosi kwa pikapu. Fundi alikuwa ndiyo kwanza atoboe nguzo ya kwanza pale baba alipotoka na kofia yake, akasimama mbele yake.

"Hapana," alisema. "Huwezi kuanzia hapa."

Nilijua mara moja anasema nini, na damu ikanichemka. Kwetu mke mkubwa, mikayi, ndiye anayetangulia. Mbegu huanza kushuka katika shamba lake, magugu hupaliliwa kwake kwanza, na hakuna anayeonja mahindi mapya kabla yeye hajaonja. Nyumba pia ni hivyo. Mama yangu aliingia bomani akiwa mke wa pili, na tangu hapo akala cha pili, akavaa cha pili. Alikuwa na mzaha wake wa zamani kwamba hata mvua ikinyesha huanzia kwa mkubwa.

"Baba, hii si nyumba. Ni vioo."

"Inafungwa kwenye nyumba. Ni nyumba."

"Mama ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa, mimi ndiye ninalala nikimsikiliza." Aliteremsha sauti. "Binti yangu, kila wiki tunazika. Vijana. Wewe unaita ugonjwa, watu wanaita chira, wanasema ni laana ya waliovunja utaratibu. Mimi sijui. Lakini sitaivunja mimi, halafu nikae nangoja nione ni nani anaanza kukonda."

Fundi, ambaye si mtu wa kwetu, alitutazama mmoja mmoja. "Madam, hii mambo ya nani kwanza nani baadaye mimi sielewi. Nifunge wapi?"

Hakufunga popote. Fremu ziliegemezwa kwenye ghala, na kufikia Jumapili kuku walikuwa wamezifanya kitulio.

Nilimwendea mama mkubwa. Ndivyo nilivyomwita tangu utoto. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye hajawahi kuonekana ameketi bila kitu mikononi. Wanawe wote walikuwa wanaume, walifanya kazi Nairobi na walionekana Krismasi. Yeye na mama walisalimiana kila asubuhi, waliazimana chumvi, na hapo ndipo ujirani wao ulipoishia. Nilimkuta akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Vioo mimi sivitaki," alisema kabla sijaketi. "Mimi si mandazi, niwekwe kwenye kabati la hoteli."

"Basi mruhusu mama atangulie."

"Ruhusa si yangu. Ingekuwa yangu, ungekuwa umeshaipata."

Nilisema maneno mengine, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayezungumza na mama yake. Aliendelea kutoa vijiti na makombe kwenye omena wake, nami nikaondoka nikipiga mlango ambao haukuwa na kosa.

Wiki zile nilikuwa mtu wa ovyo. Rongo niliwafokea watoto, nyumbani nilimfokea baba. Nikiwa kwa mama nilitamani kwenda kushughulika, nikienda kushughulika nilitamani kurudi kwa mama. Usemi wake ulizidi kufifia. Aliacha kuuliza habari za ziwa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kikohozi. Nilimwogopea mno. Nilimwona akiondoka pole pole akiwa amegeuzia ukuta uso, ilhali vioo vyake viko nje vinanyewa na kuku.

Kisha Jumamosi moja mama mkubwa akaniita. "Mlete fundi wako. Aanze kwangu."

Nilikaribia kumkumbatia. Ndipo nikagundua. "Aanze na vioo gani?"

"Kuna vingine?"

Havikuwapo. Na fundi, nilipompata, alisema duka la vioo la Migori limeishiwa na hawezi kuahidi mzigo mwingine kabla ya shule kufungwa. Kufunga shule kulikuwa mbali. Nilipiga hesabu za kila namna na zote zilimwacha mama gizani. Nilikubali shingo upande, kwa sababu kukataa kungeacha fremu zioze palepale.

Siku ya kufunga nilikaa na mama chumbani. Nyundo zilisikika vizuri.

"Wanajenga?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wapi?"

Nilitafuta neno la kupaka asali nikalikosa. "Kwa mkubwa."

Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Nilijua," alisema, akafumba macho. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama mkubwa saa ile, na sikujificha. Nilipita mbele ya veranda yake jioni bila kumsalimu.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, umande haujakauka. Nilimwona mama mkubwa kabla hajaniona. Alikuwa ndani ya vioo, ameketi sakafuni kwenye mkeka, kichwa wazi bila kitambaa, miguu ameinyoosha mpaka nyayo zikafika kwenye jua. Mikono yake haikuwa na kitu. Alikuwa akitazama ziwa. Uso wake ulikuwa umelegea, karibu uwe wa msichana, na kando yake kulikuwa na kibuyu cha uji alichosahau kukinywa. Mtu asiyetaka vioo hakai hivyo. Hilo lilinitia hasira zaidi, nikabaki nimesimama kando ya ghala nikitafuta tusi linalofaa.

Akageuka akaniona. Alifunga kitambaa bila haraka, akatoka.

"Fundi wako yuko wapi? Mwambie aje afungue bolti. Vihamishwe."

"Vihamishiwe wapi?"

"Kwani wewe ulivileta kwa ajili ya nani?" Alimgeukia baba, ambaye alikuwa kwenye kiti chake karibu na lango na alijifanya anashughulika na redio. "Baba wa watoto, nimejengewa. Nimeingia, nimekunywa uji, nimelala usingizi mle ndani. Nyumba kubwa imetangulia, au haikutangulia?"

Baba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Imetangulia," alisema.

"Nani atasema haikutangulia?"

"Hakuna wa kusema."

Fundi alikuja akilalamika njia nzima. "Nilifunga juzi, leo natoa. Nyinyi watu wa hapa mko na mambo." Lakini kwa vile veranda zilikuwa za kipimo kimoja, bolti ziliingia nguzo za mama kana kwamba zilizaliwa hapo. Jua lilipokuwa likishuka tulimkalisha mama ndani ya vioo vyake. Upepo ulipiga nje, haukumfikia. Sami walikuja wakatambaa kwenye kioo, akawatazama kwa karibu kama mtu anayewakagua maadui waliofungwa. Halafu akanyanyua kidole cha mkono mzima. "Yule tena anaosha gari ndani ya maji tunayokunywa," alisema. Nililia pale pale, sikujali nani ananiona.

Akapata nafuu. Sisemi alipona, mguu haukurudi, lakini ulimi ulirudi, na pamoja nao umbea wote wa ufukweni. Alijua nani amevua vizuri na nani amepigwa na mkewe. Mama mkubwa alianza kupita asubuhi kuleta uji, kwanza anaukabidhi mlangoni, baadaye akawa anaingia na ungo wake wa omena na kuketi.

Nami sikuweza kutulia, maana nilijua nina deni ambalo halina kipimo. Shule zilipofungwa niliwahi Migori kabla ya mtu yeyote, nikasimama juu ya kichwa cha fundi mpaka fremu nyingine zikakamilika, nikazileta kwa pikapu hadi nyuma ya nyumba kubwa. Nilitaka kumshangaza. Mama alikuwa amelala wakati huo.

Mama mkubwa alizitazama. Alipitisha kiganja juu ya kioo kimoja kufuta vumbi, na mkono ukachelewa kidogo pale.

"Ingiza ndani," alisema. "Chumba cha mwisho. Tufunike na magunia."

"Fundi anakuja kesho kukufungia."

"Asije."

"Mama mkubwa, ni vyako. Niliona jinsi ulivyokaa siku ile."

"Najua uliona." Alishika upande mmoja wa fremu, akanitaka kwa macho nishike wa pili. "Yule ameingia hapa msichana, na tangu siku hiyo hajapata kitu ambacho mimi sikukipata kwanza. Mwache awe na kitu ambacho mimi sina."

Tulizibeba, tukazifunika.

Jumapili ile wanawake wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Walibanana ndani ya vioo, wakagusa fremu, wakasifu. Mama alikuwa amevalishwa gauni la bluu, amekaa wima, na jua lilikuwa limemkalia begani. Wakati huo mama mkubwa aliingia na birika la chai na vikombe.

"Mmeona?" mama aliwaambia wageni, kwa sauti ya kutosha kufika langoni. "Boma hili zima, ni mimi tu. Hata mkubwa hana."

Wageni waliinamisha vichwa. Mimi nilifungua mdomo. Mama mkubwa akanitazama, nikaufunga.

"Ni kweli," alisema, akimimina kikombe cha kwanza na kukiweka katika mkono mzima wa mama. "Mimi sina."