Kuku Aliyeatamia Riwaya
Mwingereza jirani yangu hapa Amalemba huandika kila kitu: riwaya, mashairi, tamthilia, hata wasifu wa marehemu wetu, na kila kazi ina katoni yake chini ya dirisha. Hugonga taipureta kwa vidole viwili, na neno likimkwama hunywa chai iliyopoa, uso umekunjamana kama anayemeza dawa. Mwezi jana, yeye akiwa amezama kwenye mashairi, kuku wangu aliingia katoni ya riwaya, akataga, akaanza kuatamia. Jirani alikuja uani na kandambili zake, kalamu sikioni.

“Mama Griffin, kuku wako amekalia riwaya yangu ya miaka tisa. Atatoka lini?”

Nikamwambia kuku anayeatamia hahamishwi, angoje siku ishirini na moja. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, na kabla maji yangu ya ugali hayajachemka nikasikia taipureta. Alikuwa ameanza tamthilia.

Vifaranga walipoanguliwa nilienda na kikapu kuwatoa. Jirani alichomoa ukurasa mmoja wa riwaya, akaupangusa mavi, akausoma polepole mpaka chini. Kisha akaurudisha pale pale chini ya kuku.

“Waache kwanza,” akasema. “Bado wanasikia baridi.”