Rais wa Jamhuri ya Foleni

Jamani, Tunduma imeona mengi, lakini siku Osea Siwale alipotangaza kwamba uwanja wake ni nchi, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Osea ni fundi wa maturubai. Lori likichanika turubai kwenye foleni ya kuvuka mpaka, dereva anaulizia kwa Osea. Na foleni ile unaijua? Mtu ananyoa ndevu, zinaota, ananyoa tena, bado hajavuka!

Basi madereva wakazoea kungojea pale kwake. Mkongo, Mzambia, Mmalawi, kijana wa Momba, wote mabenchi yale yale, wanapiga soga na kula ugali wa mkewe, Tabita. Osea akawaonea huruma, watu wazima wasio na kwao ila foleni. Akawapa nchi! Bendera aliishona mwenyewe kwa vipande vya turubai, bluu na rangi ya chungwa, katikati kuna shazia, ile sindano yake kubwa, kwa sababu ndiyo inayounganisha vilivyochanika. Chini yake akaandika: HAKUNA ANAYENGOJA PEKE YAKE. Wimbo wa taifa je? Honi! Malori yote yanalia kwa pamoja, na ole wako ukutwe umekaa. Hata mteja mwenye mguu mbovu alifokewa: "Simama, bwana, wimbo wa taifa huo!"

Raia mmoja tu alikuwa hajapatikana, naye ni Tabita.

"Mke wangu, kula kiapo basi," Osea alikuwa akimbembeleza.

"Nina vyombo vya kuosha," anajibiwa.

Lilimuuma Osea kuliko alivyoonyesha. Rais gani huyu, nchi imejaa wageni, mkewe hamo?

Ikafika sikukuu ya uhuru, taifa limetimiza mwaka. Weee! Tangu asubuhi Osea hatulii, kavaa koti lake la harusi, anapanga mabenchi, anayapanga upya. Gibson, dereva wa kutoka Nakonde, anazunguka akimsalimu "mulishani, mulishani" kila anayeingia. Uwanja ukafurika. Kisha mtu akauliza chakula kiko wapi, na Osea akagundua kwamba jikoni hakutoki moshi.

Akazunguka nyuma ya nyumba mbio. Loo! Juu ya mlango wa jikoni kitenge cha Tabita kinapepea kwenye ufito, kileleni umefungwa mwiko. Mlangoni mchi umelazwa kukinga njia. Ndani, Tabita yuko kwenye kigoda, anachambua maharage taratibu.

"Tabita! Nini hii?"

"Jamhuri ya Jikoni. Tumejitenga leo asubuhi. Unakwenda wapi?"

"Wageni wana njaa, mke wangu!"

"Nimekuuliza unakwenda wapi. Umebeba nini?"

Osea alitaka kucheka, akaacha. Sauti ile haikuwa ya utani.

"Nenda kaisome bendera yako, Osea. Kila jioni unakaa na watu wa mbali ili wasingoje peke yao. Mimi nakungojea hapa. Na nani? Na sufuria."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwaka mzima alikuwa akiyatazama maneno yale yakipepea, wala hayakumgusa. Akageuka, akarudi uwanjani, akanyanyua kiti cha rais, kile cha plastiki chenye mto.

"Mheshimiwa, wapi tena?" Gibson akashangaa.

"Safari ya nje!"

Alipofika mlangoni, Tabita hakuinua macho. "Umebeba nini?"

"Kiti."

"Unakaa siku ngapi?"

"Leo mpaka maharage yaive. Na kesho jioni nakuja tena."

"Maharage sijayabandika."

"Ndiyo vizuri."

Tabita akamtazama, akauma mdomo asicheke, akauvuta mchi kando. Osea akaingia, moyo unamdunda kama siku alipokwenda kuposa. Akaweka kiti karibu na kigoda, akachota maharage, akaanza kutoa vijiwe.

Hapo hapo honi zikaanza! Moja, kisha uwanja mzima, kisha foleni yote mpaka mpakani ikaitikia, mabati ya jikoni yakitetemeka. Tabita akampiga kikumbo.

"Simama, Mheshimiwa. Wimbo wenu huo."

"Acha ulie," Osea akasema. "Mimi niko nje ya nchi."