Jiwe la Kungojea, Msambweni

Kwa miaka kadhaa Shangazi Mwanasha wa Msambweni aliniomba nimwachie binti yangu Zuhura wakati wa likizo, nami nikakataa. Nilikuwa na umri kama wa Zuhura, miaka sita, siku Shangazi aliponikalisha juu ya jiwe ufukweni akaenda kuvua pweza. Nilimwita, nikalia, hakuitika. Niliamini alinisahau. Safari hii nilitaka nijionee kabla sijaamua.

Tuliondoka Mackinnon Road alfajiri. Tulipokuwa tukivuka kwa feri pale Likoni Zuhura aliniuliza, "Mama, mbona wanifinya?" Sikujua nimemshika vile. Tulipita Waa, kisha Tiwi, na kila bahari ilipochungulia kati ya minazi, nilimvuta Zuhura karibu nami.

Msambweni tulifika adhuhuri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye uliyemfungia bara kama kuku wa mgeni?" Alicheka, akamkumbatia Zuhura.

Usiku nilimweleza kisa cha lile jiwe. Akaacha kucheka.

"Kesho maji yatatoka sana. Njoo usimame niliposimama mimi."

Asubuhi bahari ilikuwa imekupwa, mwamba uko wazi. Zuhura alikaa juu ya jiwe lile lile, mchanga mkavu pande zote. "Usishuke, mama, kule kuna mashimo," Shangazi alimwambia. Tukaenda, yeye na fimbo yake ya chuma, mimi nikigeuka kila hatua.

Kule mwambani jua lilikuwa mgongoni kwetu, ndiyo kwanza linapanda kutoka baharini. Nilimwona Zuhura vizuri, hata alipokuna goti. Nikampungia mkono. Hakupunga. Alikuwa amekunja uso, kiganja juu ya macho. Jua lilimpiga usoni, na maji yaliyobaki mwambani yalimetameta mbele yake. Hakutuona.

"Mama!" Kisha kwa kilio: "Mama! Mama!"

Nikafungua kinywa. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiitike! Ataifuata sauti, atumbukie shimoni. Tumwendee sisi."

Tulirudi kimya. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yakinilamba vifundo, na mwamba ulikuwa unateleza, siwezi kukimbia. Zuhura alikuwa ameshateremsha mguu mmoja. Nikaomba Mungu mguu wa pili ubaki.

Ulibaki. Nilipomfikia alinipiga ngumi za kifua.

"Uliniacha!"

"Nilikuwa nakuona muda wote."

"Uongo! Mimi sikukuona!"

Mtoto wa umri ule, asipomwona mama, anajua kwamba mama naye hamwoni. Si ujinga, ndivyo akili yake ilivyofika kwa sasa. Siku ile juu ya jiwe mimi pia nilikuwa ndani ya akili hiyo, na aliye humo haoni nje. Nilihitaji kuwa mtu mzima, tena kusimama upande wa jua, ili nielewe ule ukimya wa Shangazi. Hata hivyo hofu yangu ya siku ile ilikuwa ya kweli, kama hizi ngumi.

Nawe msomaji, kinyongo chako cha utotoni usikitupe, wala usikiamini chote. Nenda ukakitazame kutoka upande wa pili.

Siku ya kurudi, Zuhura alisema atabaki, mradi asipelekwe jiweni.

"Akikuita, Shangazi, umwitikie."

"Na pweza je?"

"Watangoja."

"Haya, bibi mkubwa, wamekusikia!"

Nilirudi Mackinnon Road peke yangu. Sijaacha kuogopa. Ila zamani nilikuwa naogopa kuachwa; sasa naogopa kama wanavyoogopa wanaoacha.