Siku Niliyomwosha Mke Wangu

Sifa njema zote ni zake Mola aliyetuumba kwa udongo, akatupa pumzi kwa muda, na akajua tangu mwanzo ni mikono ya nani itakayotuosha pumzi hiyo ikikoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Msikiti wetu hapa Kilolo ni mdogo. Una kuta za tofali za kuchoma, bati lililopauka, na nyuma yake chumba tunamowekea jeneza, sanda na karafuu maiti. Chumba hicho hicho ndimo tunamooshea maiti. Waislamu wa huku ni wachache. Majirani zetu Walutheri na Wakatoliki hutusaidia kuchimba makaburi, nasi huwasaidia yao. Humu msikitini kila mtu ana kazi yake: mmoja huadhini, mwingine hukata sanda, mimi huswalisha na kusomesha darsa. Kuosha maiti wa kike ilikuwa kazi ya wanawake wawili. Mmoja ametangulia mbele ya haki. Wa pili alihamia Ruaha Mbuyuni kwa mwanawe anayelima vitunguu. Wengine walioanza kufundishwa waliogopa, wakaacha.

Mke wangu aliugua kifua msimu mzima wa mvua. Alikuwa Mhehe wa hapa hapa, amezaliwa Mlutheri, akasilimu kabla sijamwoa. Karibu na mwisho wake aliniomba jambo moja tu.

"Nioshwe kama Waislamu wanavyooshwa. Nisizikwe hivi hivi na jasho la ugonjwa."

Nikamwahidi.

Alifariki alfajiri. Nilimpigia simu yule mwanamke wa Ruaha Mbuyuni, akasema anatoka sasa hivi. Adhuhuri akanipigia yeye: mlima umeporomoka, tope limefunika barabara, magari yamesimama. "Mwalimu, nisubirini," alisema huku akilia. Lakini kaburi lilikwisha chimbwa na lilikuwa linajaa maji. Vijana waliyachota kwa ndoo, na ukuta wa mwanandani, pale maiti anapolazwa, ulianza kumeguka.

Wanaume tulikaa kwenye kibaraza cha msikiti.

"Tumfanyie tayamamu tu, Mwalimu, tumpanguse kwa vumbi badala ya maji," alisema muadhini. "Hii dharura."

"Dharura ni pale asipokuwepo mtu wa kumwosha. Mume yupo."

"Wewe?"

"Mimi. Ni ruhusa. Si nimewasomesha?"

"Kusoma tumesoma. Lakini huku kwetu mwanamume amwoshe mkewe? Watasema umerogwa."

Mzee mkata sanda alicheka bila furaha. "Watasema Waislamu wameishiwa wanawake."

"Ndivyo ilivyo," nikamjibu. "Tumeishiwa."

Shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama mvuani, amejitanda kitenge kichwani. Yeye ni Mlutheri, mwimbaji wa kwaya mpaka leo. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji, wewe hata sufuria ya ugali hujawahi kuiosha ikatakata. Mdogo wangu utamweza?"

"Nitajaribu."

"Kwa maji hayo ya tangi? Yeye na maji baridi wapi na wapi! Ngoja nikoke moto."

Hakungoja jibu.

Nilifunga kitambaa mkononi, nikamsitiri kwa khanga, nikaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na upande wa kulia, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Shemeji alimimina maji ya uvuguvugu. Mwili ule ulikuwa umebaki mifupa, mbavu nilizipitia mmoja mmoja. Vitabu vyangu havikunieleza kwamba mkono wake ungeanguka kila nilipouweka vizuri, wala kwamba ningemwambia samahani kila ulipoanguka.

Zikabaki nywele. Nywele za mwanamke hufumuliwa, zikaoshwa, zikasukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Nimelisomesha hilo tangu nikiwa kijana. Nilizishika, zikaniponyoka. Zilikuwa chache, laini kwa ugonjwa. Nikajaribu tena, zikafumuka. Sikujua kusuka.

"Toa mkono," alisema shemeji. "Nilikuwa namsuka tangu mdogo. Mingapi?"

"Mitatu."

"Alikuwa mlizi, huyu. Nikivuta kidogo tu, kelele mpaka mama aje."

Akasuka polepole, kama mtu anayeogopa kuumiza. Mkata sanda akaita kutoka nje ya mlango: "Mwalimu, huyo si Mwislamu. Anamgusaje?"

"Ni dada yake," nikasema.

Hakuuliza tena. Lakini nilipogeuka kunyoosha safu kabla ya kumswalia marehemu, hakuwemo. Mpaka leo nikiswalisha mimi, yeye huswali nyumbani kwake. Nimekwenda kumsalimu, huitikia salamu na kurudi ndani. Ninamwombea.

Tulimlaza kwenye tope. Vijana walichota mpaka mwisho, lakini maji yalirudi, na sanda ililowa kabla hatujashusha udongo. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Magharibi ilipokaribia, yule mwanamke wa Ruaha Mbuyuni alifika, matope yamempanda hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka pale magari yaliposimama.

"Nani amemwosha?"

"Mimi."

Aliitazama mikono yangu. "Na nywele?"

"Amemsuka dada yake. Misuko mitatu, imelazwa nyuma."

Alikaa kwenye ngazi ya msikiti akakwangua tope miguuni. Niliogopa jibu lake kuliko nilivyowahi kuogopa la mwanachuoni yeyote.

"Basi ameoshwa," akasema. "Usimwulize mtu mwingine."

Nikamshukuru Mungu hapo hapo.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe umri wenye heri, na siku yako itakapofika akujaalie mikono itakayokuosha kwa huruma, maji yasiyo baridi, na kaburi kavu. Amina.