Lori la Baba Lilipokwenda Kupakwa Rangi

Kaka yangu alipoanza kulitengeneza lori la baba, hapa nyumbani Ndabibi, nilimsifu mbele ya watu. Nikikumbuka hilo natamani kujitemea mate.

Lori lenyewe lilibeba kabeji zetu hadi Nakuru tangu sijazaliwa. Ndilo lililotusomesha. Kisha likaharibika, likaachwa nyuma ya zizi mpaka nyasi zikaota ndani yake. Baba naye akapigwa na kiharusi upande mmoja. Akabaki na hamu moja tu: alipande tena lori lake, hata kama ni kufika barabarani na kurudi.

"Tutalifufua, mzee," kaka akamwambia. "Pole pole, na vitu vya mtumba."

Kila wikendi alikuja kutoka kwake Kaptembwo, mjini Nakuru, na gunia la vipuri vilivyotumika. Baba aliketi juu ya kreti, nozeli ya injini ameibana kwa magoti, akiisugua kwa mafuta ya taa kwa mkono wake ulio mzima. Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Nikimwambia apumzike, ananifokea.

Kaka alikuwa bahili ajabu. Breki hakugusa, taa hakugusa, na tairi aliazima kwa jirani. "Muhimu injini iwake, lori litembee," alisema. "Hizo zingine ni urembo." Nami, mjinga wa kutupwa, nikaona hiyo ni busara.

Siku injini iliponguruma baba alilia kwa sauti. Akataka apandishwe. Kaka akakataa.

"Ngoja kwanza lipakwe rangi, mzee. Unataka gani?"

"Buluu," baba akasema. Kaka akaliondoa, na baba akalipungia mkono mpaka likapotea kwenye vumbi.

Kesho yake pikapu ilirudisha tairi za jirani. Zote. Lori lisilo na tairi halipakwi rangi, hilo hata kuku anajua. Nikampigia kaka simu. Hakujisumbua hata kudanganya.

"Nimewauzia watu wa skrapu, walikatekate vyuma. Ningekodi gari ya kulivuta hadi Nakuru, ningebaki na nini? Afadhali lijipeleke."

Kumbe baba alifanyishwa kibarua cha kulizika lori lake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kwamba wewe ndiye utakayekipikia chai. Mama alinikataza kufungua mdomo. "Ukimwambia, utamuua," alisema.

Sasa kila asubuhi baba ananiagiza nigeuze kiti chake kielekee barabarani.

"Imekauka?"

"Bado, Baba. Nakuru kuna mvua."

Wiki jana kaka alikuja kutusalimia. Baba akamuuliza yeye.

"Fundi anaweka koti ya pili ya rangi, mzee," kaka akajibu, akachovya mkate kwenye chai.

Baba akamshika mkono, hakutaka kumwachilia. Kisha akanigeukia mimi, ninayemlisha na kumwogesha.

"Wewe ungeliacha tu lioze," akasema.