Niliimba kwamba dada yangu harudi, naye amerudi

Admin, nifiche jina tafadhali, ingawa mtu wa Kilifi akifika katikati ya kisa hiki atakuwa ashanijua. Mimi ni mwanamume wa miaka 29, kwetu ni Ganze, chumba changu kiko Malindi. Ni msanii wa kujitegemea. Maana yake meneja ni mimi, mbeba spika ni mimi, na miezi ya mwanzo hata mashabiki nilikuwa mimi, kwa simu mbili.

Mwaka jana niliacha kazi ya bustani hotelini, nikasema sasa ni muziki tu. Nilirekodi nyimbo tisa kwenye studio iliyo nyuma ya kinyozi. Mashine ya kunyolea ikinguruma tunasimama, mteja akishanyolewa tunaendelea. Nikazitia kwenye flashi, nikazunguka nazo kwa madereva, kwa wauza mnazi wa Kaloleni, kwa watangazaji. Mtangazaji mmoja akaniambia, "Nyimbo zako nzuri sana ndugu yangu, ziache hapa." Nadhani bado ziko hapo. Ule wa mapenzi niliouhangaikia miezi mitatu, nilipouweka mtandaoni shangazi yangu aliandika chini yake, "Pole mwanangu, utapona."

Katikati ya hayo mdogo wangu akaolewa Gongoni, na kijana wa kwenye mashamba ya chumvi. Nitamwita Sidi, si jina lake. Kwetu ukiwa na sauti na dadako anaolewa, huponi, lazima umwimbie siku anapotolewa. Na huimbi hivi hivi. Unamtaja kwa jina lake, la babake, na kijiji, ili wakwe wajue wamechukua mtoto wa watu. Kisha unajigamba kwamba huyo ameenda moja kwa moja. Basi nikatunga papo hapo: Sidi harudi, mlango tumefunga, kitanda tumegawa, Sidi harudi. Watu waliruka mpaka kamba za turubai zikalegea. Sidi mwenyewe alicheka hadi machozi, akaja kunifunga leso yake kiunoni.

Mtu alirekodi kwa simu, ikasambaa. Hapo ningeacha. Lakini nani aliyekimbia studio kesho yake kuurekodi vizuri, jina, baba na kijiji vyote ndani? Ni mimi. Nilimuuliza Sidi kwa simu, akasema, "Weka kaka, na mimi nijulikane!"

Wimbo ule ukafanya kazi ambayo zile tisa zilikataa. Kila harusi, kila bodaboda yenye spika. Vijana wakaanza kuniita kwa jina la wimbo, "Shikamoo Harudi!" Nami naitikia marahaba kama mjinga.

Mwezi wa tisa wa ndoa, Sidi akarudi. Ya ndoa yake sitayasema hapa, ila aliyeuona mkono wake hakuuliza swali la pili. Alikuja na begi moja na beseni. Mama anasema bodaboda iliyomleta ilikuwa inapiga wimbo wangu. Sidi akashuka, akalipa, akasema asante.

Na kitanda kweli tulikuwa tumekigawa. Analala kwa mkeka chumbani kwa mama.

Kwenye foleni ya maji wanawake wakamwambia, "Wee Sidi, si tuliambiwa mlango umefungwa?" Wakacheka, pengine bila ubaya. Tangu hapo anakwenda kuteka kwenye lambo la mbali, karibu saa nzima kwa miguu, ili asikutane na mtu.

Nimejaribu kurekebisha. Harusi moja Kaloleni niliruka jina, umati ukalijaza wenyewe. Nyingine nikaweka jina la kubuni, mzee mmoja akanisogelea kwa upole: "Kijana, wimbo wa watu umeukosea." Wimbo wangu mwenyewe!

Sasa wiki iliyopita nikapigiwa simu na mama mmoja anayeandaa tamasha kubwa Kilifi mjini. Jukwaa lenye taa, wasanii kutoka Mombasa. Mambo niliyoyalilia mwaka mzima.

"Unakuja na Harudi, sivyo?"

"Mama, nina nyimbo nyingine tisa."

"Hizo utatuimbia ukizeeka. Watu wanaitaka Harudi. Hutaki, sema mapema nitafute mwingine."

Nikaenda Ganze kumwambia Sidi. Nilimkuta anapukuchua mahindi, akaniachia nusu ya kigoda. Nikamweleza. Hakupandisha sauti.

"Sikuzuii kula, kaka."

"Nitaondoa jina."

"Midomoni mwa watu wote?"

Nikamwambia basi nitatunga mwingine, wa kumkaribisha nyumbani.

"Hapo sasa ndipo tutakosana," akasema. "Usinitungie tena."

Akapukuchua hindi lote mpaka likabaki gunzi, ndipo akasema neno ambalo halijaniacha nilale. "Ningerudi mapema, kaka. Mara ya kwanza begi nililifunga mwezi wa saba. Nikafika mlangoni, redio ya jirani ikaanza, nikasikia sauti yako. Nikalifungua begi, nikapanga nguo tena."

Miezi miwili. Mkono wake uliumizwa katika miezi hiyo miwili.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, tamasha ni Jumamosi ijayo na yule mama anasubiri jibu langu. Nikikataa, narudi kukata maua ya hoteli, na wimbo utaendelea kupigwa bila mimi. Nikikubali, nitasimama mbele ya maelfu nikimwimbia dadangu asirudi, na yeye yuko kwa mama, juu ya mkeka. Msiniambie nibadilishe jina, nishawaeleza. Nishaurini, nifanye nini?

Na wewe uliyeukumbuka wimbo ukaanza kucheka, tafadhali usiuandike hapo chini. Sidi anaufuata ukurasa huu.